Simu Nambari Nne

Waliohudhuria: Bi Lenah, muuguzi msimamizi wa zahanati; Gedion, fundi wa simu za kazi kutoka Ukunda; Kahaso na Tsuma, wahudumu wa afya wa kijamii. Haikuwepo: simu nambari nne, aliyokabidhiwa Tsuma.

Ilipotea Jumanne sokoni Kombani. Tsuma alieleza kwamba aliiweka juu ya gunia la mahindi ili apate mikono miwili ya kumkagua mbuzi. Mbuzi hakununuliwa.

"Ina namba ya siri?" Gedion aliuliza.

"Inayo."

"Basi tuko sawa. Nani anaijua?"

Tsuma alitazama sakafu. "Nimeiandika kwenye plasta, nyuma ya simu. Mgonjwa akija nami niko shambani, mke wangu aifungue amtazamie siku yake ya dawa."

"Tsuma, ndugu yangu," Kahaso alisema, "watu huacha ufunguo kwa jirani. Wewe umeutundika mlangoni."

Gedion aliomba kuiona simu ya Kahaso. Nayo ilikuwa na plasta.

Simu nambari nne ilibeba mambo mawili. Kwanza, majina ya wagonjwa kumi na mmoja wanaotumia dawa ambazo hawajawaambia hata wakwe zao. Pili, taarifa za kaya arobaini na moja, ambazo Tsuma alizizungukia kwa miguu wiki tatu. Taarifa hizo hutumwa kwa mtandao wa zahanati pekee, na hazikuwa zimetumwa. Asiyeziwasilisha kufikia Jumatatu huondolewa kazini. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kwa kompyuta yake, Gedion angeweza kuifuta simu yote kwa mbali, papo hapo alipoketi. "Nibonyeze, madam?"

"Tuipigie kwanza," alisema Bi Lenah.

Ilipokelewa mara moja, naye akasema anapiga kutoka zahanati.

"Shikamoo, mama. Mimi Kombe, wa stendi ya bodaboda, Kombani. Simu yenu iko salama. Jumamosi nitaileta, inshallah."

"Marahaba, mwanangu. Hujaifungua?"

"Nimeifungua, nimtafute mwenyewe. Nikakuta majina ya wagonjwa. Wengine ni majirani zangu, wala sikuwa na habari! Wawili nimeshakwenda kuwajulia hali. Mmoja nilimpelekea ndizi."

"Walisemaje?"

"Hawakusema sana. Wa tatu tutamwendea jioni na wenzangu. Hapa stendi tunasaidiana kusoma."

"Usiende kwa mtu, Kombe. Wala msisome."

"Lakini mama, mgonjwa ataachwaje bila kuangaliwa?" Kombe aliuliza, kwa huruma ya kweli.

Bi Lenah alimshukuru, akakata simu, akamgeukia Tsuma. "Tukiifuata Kombani, hadi tufike watakuwa wameimaliza orodha. Ikifutwa, wiki zako tatu zimekwenda."

"Kaya arobaini na moja, siku nne. Nitazimaliza?"

"Hutazimaliza."

"Wa tatu katika orodha ni Mzee Tembo," Tsuma alisema. "Nilimwapia kwamba hakuna mtu atakayejua. Futa."

Gedion akabonyeza.

Bi Lenah alisimama, ingawa walikuwa watu wanne tu chumbani, akatangaza: "Simu nambari nne imefutwa. Mimi na Tsuma tunakwenda sasa hivi kwa wale wawili kuwaomba radhi. Jumatatu Tsuma hatakuwa na taarifa, nami nitaandika hivyo. Jina lake litaondolewa. Kaya zake atazishika Kahaso."

"Zote arobaini na moja?" Kahaso aliuliza.

"Zote. Na plasta hiyo ibandue kabla hujatoka."