Nahodha Kazikwa Mapema

Watu waliokuwa hawasalimiani walirudi kusalimiana kwa ajili ya Mzingo wa Tisa. Zile filamu tatu za vita vya sayari, zilizowakuza wengine na kuwazeesha wengine, zilikuwa zimepata tamthilia mpya yenye jina hilo, na sehemu ya kwanza ingerushwa Jumamosi alasiri. Vinyozi waliijadili wakiwa wameshika wembe, jambo ambalo halikumfurahisha aliyekaa kwenye kiti. Kila mtu alikuwa na maoni kuhusu kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Mtu wa kubonyeza kitufe cha kuirusha alikuwa fundi wa mitambo katika kituo cha televisheni, mwanamke mwembamba asiyependa makuu, ambaye wenzake walimwita Dada Kitufe. Yeye hakuwa na habari na sayari. Wasiwasi wake ulikuwa nyumbani, kwa baba yake.

Baba yake alikuwa fundi saa, na mtaa mzima ulimwita Mzee Mshale. Duka alishalifunga, lakini meza yake ilikuwa pale pale sebuleni, chini ya dirisha, na watu waliendelea kumletea saa zao. Siku za karibuni alikuwa anasahau. Aliacha bomba wazi mpaka jiko likawa bwawa. Aliweka miwani kwenye friji. Siku moja alimwita binti yake kwa jina la marehemu mkewe, kisha akaona haya siku nzima. Na kila mara Dada Kitufe alijitwika kosa. "Bomba nimeliacha mimi, Baba." "Miwani? Ni mimi, nilikuwa na haraka." Mzee alimtazama, akarudi kwenye saa zake.

Wiki ya uzinduzi mzee aliweka shati lake la kutokea kwenye kiti, akatangaza msimamo.

"Zile filamu tatu nazijua nje ndani," alisema. "Hii mpya nitaitazama peke yangu. Nikiifuata mpaka mwisho, kichwa kizima, kazi inaendelea. Nisipoifuata, nawarudishia watu saa zao, nahamia kwa kaka yako."

"Baba, huo nao ni mtihani?"

"Mtihani wangu, na msahihishaji ni mimi. Saa ya mtu si kitu cha kuchezea."

Kaka mtu aliishi mji mwingine, kwenye nyumba ya ngazi nyingi, na mke wake alikuwa na tabia ya kuwapigia wazee kelele kana kwamba wote ni viziwi. Dada Kitufe alijua kwamba baba yake akitengwa na ile meza, hatamaliza mwaka. Aliomba kimoyomoyo hiyo tamthilia iwe nyepesi.

Jumamosi ikafika. Meneja wa vipindi alipita chumba cha mitambo na suti mpya, akanukia kote. "Weka namba moja," alisema. "Hata mtoto anaweza." Akaenda zake kukaa na wageni.

Dada Kitufe akaweka namba moja, akabonyeza. Kwenye skrini yakatokea mazishi. Jeneza la kioo likasukumwa nje ya chombo, likaelea gizani, na watu wote chomboni wakalia kwa kwikwi. Mjane akamzaba kofi bwana mmoja mwenye jicho moja, akamwambia, "Unajua ulichokifanya!" Dada Kitufe akafikiri labda ndivyo mambo ya sayari yanavyoanza. Lakini wahusika walipoanza kusema "tangu yale ya mwezi mwekundu" na "baada ya usaliti wa pili," jasho likamtoka. Akafungua mafaili mengine. Kwenye namba nne ndipo alipomkuta nahodha yule yule, kijana mzima wa afya, anakabidhiwa chombo kwa mara ya kwanza.

Kumbe watengenezaji walikuwa wamezipa sehemu namba kwa jinsi walivyozipiga picha, si kwa mtiririko wa hadithi. Mazishi, yaliyo sehemu ya sita ya hadithi, waliyapiga kwanza kwa sababu mwigizaji wa nahodha alikuwa na safari. Hayo yote yalielezwa vizuri kwenye kikao kilichokuwa na chai na karanga. Mafundi wa mitambo hawakualikwa. Meneja alikuwepo, ila alishughulika zaidi na karanga.

Dada Kitufe akampigia. "Bosi, tumerusha sehemu ya sita. Nikate?"

Meneja akajitenga na wageni. "Ukikata, watajua tumekosea," meneja alinong'ona. "Usipokata, huenda wasijue."

"Watu wameisubiri miaka yote hii, wasijue?"

"Wewe acha iende."

Ikaenda. Ilipoisha, Dada Kitufe alifungua ukurasa wa kituo akiwa amejikunyata, akisubiri matusi. Maoni yalikuwa yanamiminika.

"Nimelia kwenye mazishi mpaka nimepaliwa. Aliyekufa ni nani?"

"Mimi nilijua tu kwamba mwenye jicho moja si mtu mzuri. Nilimshuku tangu zamani."

"Hatimaye tamthilia isiyotutafunia chakula!"

Mchambuzi mmoja maarufu, ambaye watani wake walimwita Profesa wa Rimoti, alikuwa tayari ameandika makala ndefu. Alisema kuanza na kifo cha mtu tusiyemjua ni kutufundisha kwamba maombolezo hutangulia mapenzi. Watu wakaipenda sentensi hiyo kupita kiasi, wakaisambaza, na chini yake mtu akaongeza kwa herufi kubwa: ASIYEELEWA AKATAZAME KATUNI. Hiyo ikapendwa zaidi.

Kampuni iliyotengeneza tamthilia ilipiga simu ikiwa imefura. Wakati meneja anajitetea, mtu wa kule akawa anasomewa maoni na msaidizi wake, na sauti yake ikaanza kulainika. Mwisho wa simu ilionekana wazi kwamba kampuni ilikusudia hivyo tangu mwanzo. Jumamosi ijayo, waliagiza, tutarudi kwenye chanzo chenyewe, kama tulivyopanga.

"Umeona?" meneja alimwambia Dada Kitufe, akijipangusa uso. "Ulikuwa uamuzi wa kisanaa. Na uamuzi wa kisanaa hauombewi radhi. Mdomo wako ufunge."

Alipofika nyumbani, jua lilikuwa bado kwenye dirisha la sebule, na chini ya dirisha meza ilikuwa nyeupe kwa karatasi. Mzee Mshale alikuwa anazifunga saa moja moja kwenye karatasi, kwa uangalifu mkubwa. Shati la kutokea lilikuwa mwilini.

"Sikuambulia kitu, mama," alisema bila kugeuka. "Nimekaa mpaka mwisho. Nani kafa, kwa nini, mwezi gani mwekundu. Nimetoka kapa."

"Baba, hukukosea wewe. Nimerusha sehemu ya sita badala ya kwanza. Hakuna ambaye angeelewa."

Mzee akachukua simu yake, akavaa miwani, akamsomea. Alisoma ya mtu aliyelia, ya mtu aliyemshuku mwenye jicho moja, na ya Profesa wa Rimoti yote. Ile ya katuni aliisoma mara mbili.

"Hawa wote wameelewa," alisema. "Vijana, wazee, mpaka muuza mkaa wa hapo kona. Wamekosea wao wote, mimi mmoja ndiye niko sawa?"

"Ndiyo, Baba! Naapa, kosa ni langu."

"Bomba pia lilikuwa kosa lako. Na miwani." Alimshika shavu. "Una huruma sana, mwanangu. Tangu utotoni."

Dada Kitufe alitaka kulia kwa hasira, na aliyemkasirikia ni yeye mwenyewe. Uongo wake wote uliaminiwa, au angalau ulipokelewa kwa adabu. Ukweli aliokuwa nao mmoja tu ndio uliokataliwa mlangoni. Alimsihi asirudishe saa mpaka Jumamosi nyingine. "Mtihani hurudiwa," alimwambia. Mzee akakubali, ingawa kwa shingo upande.

Jumamosi ya pili alirusha namba nne, mwanzo halisi. Nahodha kijana akakabidhiwa chombo, akaapishwa, akakutana na msichana ambaye angekuja kuwa mjane wake. Kila kitu kilinyooka. Haikupita muda baada ya kumalizika, simu yake ikalia.

"Nimeelewa!" Mzee Mshale alikuwa anapiga kelele kama aliyeokota dhahabu. "Kila kitu! Mwenye jicho moja ana macho mawili bado! Nimeifuata yote, mama, toka mwanzo mpaka mwisho!"

"Si nilikwambia, Baba?" Alicheka peke yake mbele ya mitambo, machozi yakimlengalenga. Hakuwahi kuipenda kazi yake kama dakika ile.

Kisha watazamaji wakafungua midomo.

"Jamani, si tulimzika huyu? Amefufukaje?"

"Nimetazama mara mbili, sijaelewa hata moja. Hii ni akili kubwa."

"Huyu si nahodha, ni kivuli chake. Ndiyo maana anatabasamu sana."

Profesa wa Rimoti aliandika kwamba sehemu hii ni ngumu kuliko ile ya kwanza, na kwamba anayedai kuielewa anajidanganya.

Simu ikalia tena. Safari hii sauti ya mzee ilikuwa ya chini. "Umeyaona waliyoandika? Wote wanasema haieleweki. Mimi nimeielewa yote." "Kutokuelewa kilichopo ni uzee tu. Kuelewa kisichokuwepo, hayo ni maradhi. Nimempigia kaka yako. Kesho anakuja kunichukua."

Dada Kitufe aliweka simu chini. Halafu akavuta kibodi iliyotumika kuandika yale maandishi yanayopita chini ya skrini, ya habari za mvua na mabadiliko ya vipindi, akaandika:

"Kituo kinaomba radhi. Sehemu ya Mzingo wa Tisa iliyorushwa Jumamosi iliyopita ilikuwa ya sita, si ya kwanza. Aliyeshindwa kuielewa ana akili timamu. Aliyeielewa ya leo pia ana akili timamu."

Akairusha nchi nzima, akairudia mpaka simu ya meneja ikaingia. Meneja hakusalimu. Alimwambia amefukuzwa, akusanye vitu vyake, na asionekane tena pale. Dada Kitufe alikuwa anatafuta begi lake meneja alipopiga tena, akiwa mtu mwingine kabisa, mwenye asali mdomoni. Watazamaji walikuwa wamepagawa. Walikuwa wanajadili maana iliyofichwa ndani ya lile tangazo. Profesa wa Rimoti alisema sasa hata maandishi ya chini ya skrini ni mhusika. "Wazo hili umelitoa wapi?" meneja aliuliza. "Jumatatu njoo tuzungumze cheo."

Hakuna aliyeliamini lile tangazo. Alienda nyumbani miguu mizito, akijua kwamba amecheza karata yake ya mwisho.

Mzee Mshale alikuwa amekaa mbele ya televisheni, mikono magotini, na begi la safari pembeni yake.

"Nimeyasoma," alisema. "Yamepita pale chini mara nyingi. Umediriki kuwadanganya watu wa nchi nzima ili mimi nijisikie vizuri?"

"Baba, si uongo."

"Wakubwa wako wamesemaje?"

"Wamenifukuza. Kisha wamenirudisha. Wanataka kunipa cheo. Hata sielewi nimesimama wapi."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama saa iliyoletwa na mtu asiyejua imeanguka wapi. Kisha akasimama, akalibeba begi la safari mpaka chumbani, akalirudisha juu ya kabati. Akarudi mezani, akafungua karatasi ya kwanza, akatoa saa ya mtu.

"Mpigie kaka yako asije," alisema. "Mimi nimeshindwa kufuata tamthilia tu. Wewe unashindwa kufuata maisha yako mwenyewe. Siwezi kwenda popote nikuache na kichwa cha namna hiyo."