Moto wa Jemima

"Mutoto iko na moto," muuguzi alisema, akauondoa mkono wake kwenye paji la uso la Jemima. "Mama, rudia naye nyumbani. Akipona njo utamuleta."

"Tunasikia kesho njo siku ya mwisho," Honorine alisema.

"Njo vile. Lakini mutoto wa moto hatumuchome shindano."

Honorine hakusogea. Nyuma yake mstari wa akina mama waliongojea chanjo ya surua ulizunguka uwanja mzima wa shule, na kila mmoja alikuwa na mtoto mgongoni au kifuani. Muuguzi, msichana aitwaye Martine, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi, alikwisha kumgeukia mtoto mwingine. Honorine alimfunga Jemima mgongoni, akatoka. Njiani alihisi joto la tumbo la binti yake likipenya kitenge.

Haikuwa mara ya kwanza. Jemima alipofikia umri wa kuchanjwa surua, alikuwa amelazwa, vidole vya mikono na miguu vimevimba. Wakamwambia mama arudi baadaye. Aliporudi, mtoto alikuwa na homa. Mara nyingine alikuwa ametoka kuongezewa damu, wakasema apumzike kwanza. Kisha vita vikaingia Bunia, na hakukuwa tena na muuguzi wa kumrudia. Mtoto mwenye ugonjwa wa damu kama wake hakosi kuumwa, basi siku zote za chanjo zilimkuta anaumwa.

Daktari aliyeutambua ugonjwa huo, kabla ya mji kuharibika, alikuwa ameeleza polepole. Ugonjwa huo mtoto ameuchukua kwa wazazi wote wawili, nusu kwa mama, nusu kwa baba. Chembe za damu yake zinapinda kama mundu, zinavunjika na kuziba mishipa. Asipate kiu. Asipate baridi. Na chanjo zote azipate, kwa sababu ugonjwa ambao kwa wengine ni mdogo, kwake unaweza kuua. Vital, baba wa mtoto, alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. "Kwetu hakuna mutu wa damu ya vile," alisema. Baada ya miezi michache alienda Mongbwalu kuchimba dhahabu, na tangu barabara ifungwe hakuna aliyeleta habari zake.

Honorine aliuza maji. Aliyateka kwenye chemchemi iliyo chini ya mtaa wao wa Bigo, akayapandisha kwa bido, dumu la plastiki, mgongoni, kamba imepita juu ya paji la uso, hadi kwenye nyumba za wale waliokuwa bado na kitu cha kupika. Bido ya mwisho hakuiuza kamwe. Hiyo ilikuwa ya Jemima. Mtoto alikunywa kikombe baada ya kikombe, hata pale alipokataa, mama akimshika kidevu na kumbembeleza kwa nyimbo za kanisani.

Siku hiyo alipofika nyumbani alimkuta jirani yake, Joséphine, ameketi mbele ya mlango akimngojea. Surua ilikuwa imetoka kambini, kule karibu na uwanja wa ndege walikokimbilia watu wa vijijini, ikafika Bigo. Joséphine alikuwa amemzika mjukuu wake juma lile. Alikuwa bado amevaa kitenge alichovaa makaburini.

"Bamemuchoma?" aliuliza.

"Bamekatala. Sababu ya moto."

Joséphine alimgusa Jemima paji la uso. "Ule wangu, macho yalifungana kwanza. Kisha kikohozi. Hakukuwa tena na kilio, Honorine. Alikuwa anafungua tu kinywa." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kesho asubuhi umupanguse na maji ya baridi. Mara mingi. Mwili utapoa, batakuacha upite."

"Daktari alikataza baridi."

"Daktari iko wapi?"

Alikuwa amekimbilia Uganda pamoja na wengine.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Honorine alimvua mtoto nguo, akalowesha kitambaa katika maji ya chemchemi, akampangusa shingo, kifua, makwapa. Jemima alitetemeka hadi meno yakagongana.

"Mama, iko baridi."

"Kidogo tu, mama yangu. Kidogo tu."

Alijua anachofanya. Alikitazama kitambaa mkononi mwake, akaona kinywa kilichofunguka bila sauti, kinywa cha mjukuu wa Joséphine, akakilowesha kitambaa tena.

Kwenye uwanja wa shule, Martine hakuwapo. Mahali pake palikuwa na mwanamume mtu mzima, koti lake jeupe limetobolewa na dawa. Honorine alisogea, akageuza paji la uso la mtoto limwelekee, lipate kuguswa.

Hakuligusa. Aliuliza tu jina, akashika mkono wa kushoto, akachoma. "Bon," alisema. "Umefanya muzuri, mama."

Honorine alishuka hadi Bigo akitembea kwa wepesi ambao mgongo wake ulikuwa umeusahau.

Maumivu yalianza mchana. Kwanza miguu, kisha kiuno, kisha mtoto hakutaka kuguswa popote. Honorine alimfunika kwa kila nguo iliyokuwamo nyumbani, akachemsha maji, akamnywesha. Kwa upande wa soko risasi zilianza, zikaendelea, na barabara ya kwenda hospitali ikabaki tupu, hata mbuzi hakuonekana. Palipopambazuka kimya, Jemima alikuwa ameacha kulia. Kinywa chake kilikuwa kimevutika upande mmoja. Mkono wa kulia mama alipouinua, ulianguka.

Hospitalini aliyempokea alikuwa mwanamume yuleyule aliyemchoma Jemima sindano. Xavier lilikuwa jina lake. Alimpima mtoto, akamwekea maji mshipani, akatafuta damu, akaipata jioni. Kisha akaja kuketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Ilianza namna gani?"

Honorine alimweleza yote, hadi kitambaa, hadi maji ya chemchemi. Xavier alitazama sakafu.

"Mama," alisema, "moto kidogo haukatazi vaksini. Batoto ba vile, njo ba kuchoma ba kwanza. Ungemuleta na moto wake, ningemuchoma."

"Balinikatalia siku ya kwanza."

"Najua. Batu bengi banaamini vile."

"Ni maji yangu njo yalimufanya hivi?"

"Sijui. Hii damu inaweza kufanya vile hata bila baridi. Siwezi kukudanganya, mama. Sijui."

Surua ilipita Bigo miezi ile. Kwenye nyumba ya Joséphine ilirudi mara ya pili. Kwa Honorine haikuingia.

Jemima alirudi nyumbani amekonda, maneno yake machache na mazito, mkono wa kulia umelala mapajani. Alasiri moja Honorine alimwekea karanga kwenye sahani, mbele ya mlango, akainama kummenyea.

"Acha," Jemima alisema.

Honorine akakaa. Mtoto alichukua karanga kwa mkono wa kushoto, akaibana kwa meno, ikateleza. Kuku akaidaka. Jemima alimtazama kuku akiondoka nayo, kisha akanyoosha mkono tena kuelekea kwenye sahani.