Kiganja cha Uledi

Mwaka 1956, katika kiwanda cha pamba cha Baraka, mashine iliendelea au kusimama kwa kauli ya kiganja cha Uledi. Kila baada ya saa moja aliuweka mkono juu ya beringi, kile chuma kinachoshika mhimili unaozunguka, akahesabu. Akifika kumi, mashine ni nzima. Akishindwa kuvumilia, izimwe, ipoe, itiwe grisi. Miaka kumi na minne hakukosea, na hakutuacha tusahau.

Kisha kampuni ikaleta kipimajoto cha duara, chenye mshale na mstari mwekundu, pamoja na Norbert, fundi kutoka Fizi, wa kukisoma. Bwana mkubwa akasema vitapima vyote viwili kwa mwezi mmoja, na kitakachokosea kitaondoka. Sisi wabeba magunia tulikuwa upande wa Uledi. Kile kioo kilituudhi, na Norbert alituudhi zaidi, yeye na soksi zake ndefu.

Wiki ya tatu, alasiri, mshale ukaingia kwenye nyekundu.

"Tuzime, baba Uledi," Norbert akasema. "Iko moto sana."

Uledi akaweka kiganja. "Moja. Mbili." Tukatupa magunia, tukahesabu naye, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote. Kumi ikapita. Hakuondoa mkono. Kwenye ishirini tukapiga makofi.

"Iko baridi," akasema huku akicheka. "Hii saa yako iko na wazimu."

Harufu niliisikia mimi kwanza, nikadhani ni mkanda unaungua. Norbert akaruka, akamvuta mkono, na ngozi ikabaki kwenye chuma. Uledi akautazama mkono wake, kicheko bado kiko mdomoni, kwa sababu haukumuuma.

Mashine ikazimwa. Tulimpeleka zahanati, mimi na Norbert. Muuguzi akamwambia afumbe macho, akamchoma kwa sindano kidoleni, kwenye kifundo, kisha karibu na kiwiko.

"Nakuchoma wapi?"

"Hauyaanza bado," Uledi akajibu.

Muuguzi akaiweka sindano mezani. Akasema ni ukoma, na kwamba gari la kambi ya wakoma litapita keshokutwa. Niliona aibu, sikujua pa kutazama. Norbert alikuwa analia.

Kuhusu kazi Uledi hakuuliza neno.

"Leo asubuhi nilibeba Hawa," akasema, "na huu mukono."

Hawa ni bintiye wa mwisho. Alikuwa hajaanza kutembea.