Sauti ya Baba Inachelewa

Tangu apasuliwe koo, baba hana sauti. Anaandika kwenye tableti, programu niliyomtengenezea inamsemea. Kwenye kompyuta yangu inatamka papo hapo. Kwake? Unachemsha chai na kuinywa ndipo iseme "habari". Ilinikera hadi basi.

Programu ni ileile, sikubadilisha hata nukta. Tofauti ni mashine pepe, ile programu ya katikati inayoiendesha. Yangu hutazama hatua zinazorudiwarudiwa, na kuzigeuza kuwa lugha ya chipu yenyewe, ndiyo maana inateleza. Ya tableti ile husoma kila amri upya, mojamoja, kama mtoto anayejifunza kusoma. Nikamwekea ya aina yangu, nikaijaribu mchana kutwa. Iliruka! Nikamtambia kaka kwamba haikosei neno.

Nilimsahau mzee mwenyewe. Baba ni mtu wa kukuzimia taa ungali chumbani. Akimaliza sentensi moja, anazima tableti, eti anaokoa chaji. Na mashine pepe hii ikizimwa inasahau hatua zote ilizogeuza, inaanza moja, nzito kuliko ile ya zamani. Nimembembeleza, nimemgombeza. Wapi!

Jana kaka akapiga simu. Anataka baba ahamie kwake, nyumba ipangishwe. Baba hataki kabisa, nikamwambia kaka hivyo. Akasema mimi nina maneno mengi, anataka kusikia kutoka kwa mzee. Nikaweka simu mezani kwa sauti ya juu.

"Baba, unakubali kuhamia kwangu?"

Baba akawasha tableti, akaandika, akabonyeza. Kimya. Anatikisa kichwa, lakini kaka atamwonaje? Naye hajui kusubiri.

"Au unataka kubaki hapo?"

"Hapana," tableti ikasema.

Kaka akashusha pumzi, akasema lori litakuja kesho asubuhi. Nikapayuka kwamba lile lilikuwa jibu la swali la kwanza, mashine imechelewa. Akanikumbusha mwenyewe nilivyosema haikosei. Baba alikuwa anaandika tena. Nikamsihi kaka asikate, nikaongea chochote kilichonijia, hata habari za bomba linalovuja, hadi ile takataka ikafumbua mdomo.

"Sihami. Hapa ndipo kwangu."

"Hayo umeyaandika wewe," kaka akasema.

Baba akaninyang'anya simu, akaisogeza mdomoni, akaanza kuongea, midomo inacheza, sauti haitoki.