Zulia la Mzee Wiebren

Barafu ya Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, haina adabu: huja bila hodi na huondoka bila kwaheri. Mara ya mwisho mifereji ilipoganda, kijiji kilikuwa bado kinapanga mipango, na mbio za kuteleza kwenye barafu zikaenda kwa majirani. Jildou, binti wa hapo kijijini, hakuwahi kulimeza hilo. Sasa mifereji imeganda tena, mvua inatarajiwa Jumapili, na halmashauri haitoi kibali cha mbio za Jumamosi mpaka watu wajiandikishe mtandaoni, barafu isije ikaelemewa. Kampuni iliyopewa kazi ya tovuti imeahidi kumaliza Aprili.

"Aprili tutateleza kwenye tope," alisema Jildou, ambaye kutengeneza tovuti ndiyo kazi yake. "Niachie mimi, mzee."

Alhamisi mchana mzee Wiebren, mwenyekiti wa chama cha barafu, akaukodolea macho ukurasa wa Jildou kwenye kibanda cha chama ukingoni mwa mfereji, supu ya njegere ikipoa. Palikuwa na nafasi ya jina na kitufe kimoja. Basi.

"Ndiyo huu tu? Mtu akitaka kujitoa je?"

"Bado."

"Binti, utaniaibisha. Malizia yote kwanza, ndipo ufungue."

Damu ikamchemka Jildou. Maneno hayo hayo ndiyo yaliyowakosesha mbio mara ile. Akatazama nje, ambako watu walikuwa wakitandika mazulia makuukuu ukingoni, kando ya daraja.

"Mzee, chini ya daraja pameganda?"

"Hapagandi pale. Watu watapanda ukingoni, watapita juu ya zulia na viatu vyao vya kutelezea, watashuka tena."

"Kwa hiyo unafungua njia ya mbio ikiwa na tundu lake."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Basi na mimi natandika zulia. Pasipo na kitu nitaandika: mpigie Wiebren. Na namba yako."

"Yangu mimi?"

"Zulia ni wewe, mzee."

Ukurasa ukafunguliwa, na simu ya Wiebren ikakosa usingizi. Kila lalamiko mzee alilitangaza kwa sauti kutoka upande wa pili wa kibanda, na Jildou alilirekebisha hapo hapo. Mama mmoja aliumwa nyonga akataka kujitoa; kitufe cha kujitoa kikapatikana kabla supu haijaisha. Mwingine alisema herufi ni ndogo kama sisimizi, zikakuzwa. Kuna badiliko lililovuruga ukurasa mzima. Jildou akaurudisha wa awali, akajaribu tena taratibu, wala hakuna aliyejua. Ijumaa alasiri kibali kikatoka.

Jumamosi asubuhi mfereji ulijaa watu, hata wale majirani wenyewe wamekuja. Wiebren alisimama mlangoni pa kibanda, kanuna, anaitikisa simu.

"Hanipigii mtu. Imekufa?"

"Nzima. Kila ulichokuwa unapigiwa, ukurasa unakifanya. Tumelikunja zulia."

"Sasa mimi nikae hapa nifanye nini?"

Miaka yote ya uenyekiti wake alilinda simu na makaratasi. Mbio zenyewe alizisikia kwa masikio tu. Jildou akamwekea viatu vya kutelezea mbele ya miguu yake.

"Jina lako limo kwenye orodha ya mbio. Alhamisi, nilipokuwa naujaribu ukurasa, nilihitaji mtu wa kumwandikisha wa kwanza."

Mzee alihangaika na kamba za viatu, akakataa kusaidiwa. Kisha akashuka kwenye barafu.