Msimamizi wa Matangi

Natalia, meneja wa kituo cha kuchakata kahawa kule Mpepai, alikuwa amempa Steven cheti cha mfanyakazi bora miaka miwili mfululizo. Steven alikuwa msimamizi wa zamu na alijua kusema. Wageni wakifika, ndiye wa kuwatembeza. Devotha, mwosha kahawa wa matangini, Natalia alimjua kwa kilemba chake cha kijani tu.

Julai ile Devotha akaomba ruhusa ya siku nne, kumuuguza mama yake Litembo. Siku ya pili kahawa ikafika kwenye vichanja vya kuanikia ingali na utelezi, ule unaopaswa kulegea tangini kabla ya kuosha, ikaanza kunuka. Ya tatu vilevile. Steven alilaumu baridi. Natalia akawauliza akina mama waliokuwa wakianika.

"Dada, Devotha huipima kwa mkono," alisema mmoja. "Steven akisema osheni, yeye huzungukazunguka na kazi nyingine mpaka utelezi uishe."

"Mbona hajawahi kuniambia?"

"Uliwahi kumuuliza?"

Swali lile lilimchoma. Kwenye kikao cha bodi akapeleka jina moja tu la mfanyakazi bora, la Devotha.

Mwenyekiti, Mzee Othmar, alivua miwani. "Devotha ndiye nani? Steven tumeshamwahidi."

"Kwa heshima yako, Mzee, cheti cha Steven sikisaini."

"Unatugomea?"

"Nagoma. Mkitaka, mtafuteni meneja wa kukisaini."

Wakamtishia barua ya onyo, akasema anaisubiri. Kwenye mkutano mkuu Steven alipewa cheti chenye saini ya mwenyekiti, ukumbi ukashangilia. Natalia, kiti cha mbele, alikunja mikono kifuani.

Kesho yake akamwita Devotha, akamkabidhi barua ya usimamizi wa matangi. Kupanga kazi hakukuhitaji bodi.

Devotha aliisoma mara mbili. "Saa ya kuosha nitaamua mimi?"

"Wewe."

"Na Steven akiniharakisha?"

"Mkatalie."

Mchana uleule wakulima walijaa getini na kahawa mbivu. Steven akaja mbio. "Osheni kahawa ya hilo tangi tupate nafasi, watu wanangoja!"

Devotha alizamisha mkono, akasugua punje. "Bado."

"Devotha, nimesema—"

"Na mimi nimesema bado."

Steven aligeuka kutazama ofisini. Natalia alikuwa amesimama mlangoni, wala hakusogea. Steven akashusha pumzi, akaenda getini kuwaambia wakulima wasubiri.