Ndafu Penye Mnara wa Njaa

Kulikuwa bado giza niliposikia kwaru, kwaru, kutoka jikoni. Wifi yangu Nashipae, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa anasugua kibuyu cha maziwa kwa kijiti cha moto, ili maziwa yanukie moshi. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini kibuyu anakisugua mwenyewe.

"Wifi, si ungenisubiri?" nikamwambia.

"Nikusubiri wewe Mmeru? Utakiosha kwa sabuni."

Tukacheka. Kisha akaniuliza tena kama ni kweli leo majina ya waliokufa kwa njaa yatasomwa kwa spika. Nikamwambia ndivyo walivyotangaza kanisani. Akaendelea kusugua.

Chini ya soko la Ngaramtoni kuna bonde. Wakati wa ile njaa kubwa ya zamani, watu waliopanda kutoka tambarare walilala pale wakingoja ndizi za mlimani, na wengi hawakuamka. Mama mkwe wangu alikuwa mtoto, akapona. Mdogo wake wa kike alibaki pale. Miaka yote familia yetu imekwenda kumwaga maziwa na kuweka majani mabichi, kimya kimya. Wazee wa upande wa mume wangu hawataji jina la aliyekufa, hasa la mtoto. Wanasema ukimwita unamsumbua, anaamka na hajui aende wapi. Nimeolewa humo tangu ujana wangu na jina hilo sijaambiwa. Aliyebaki analijua ni wifi peke yake.

Sasa kamati ya kumbukumbu ya njaa ile ilikuwa imejenga mnara, na kabla ya hapo walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta majina. Kwetu alikuja Prisca, mama mmoja wa Kijenge mjini aliyeajiriwa na kamati. Alikaa jikoni na wifi, akanywa maziwa yenye masizi bila kukunja uso. Walichoongea sikukisikia, nilikuwa shambani. Lakini tangu siku ile wifi hakuwa na raha. Nilidhani anaogopa jina la mtoto lisije likapigiwa kelele mbele za watu.

Kabla hatujafika bondeni nilisikia harufu ya mafuta ya mbuzi.

Sanamu ya mnara huo ni ya saruji, mama aliyekonda amempakata mtoto. Mbavu zake zimechongwa vizuri na kupakwa rangi inayong'aa kama kiatu kipya. Na pembeni yake, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, walikuwa wamesimamisha ndafu. Mbuzi mzima wa kuchoma, kama wa harusi, ana majani mabichi mdomoni. Mafuta yalidondoka kutoka mezani, yakatiririka kwenye zege mpaka miguuni pa yule mama. Mwanamume mmoja wa suti akapachika mfupa kwenye kiganja cha sanamu na kupiga picha.

"Kula mama, njaa imeisha!"

Wenzake wakacheka, midomo inateleza kwa mafuta. Mate yakanijaa mdomoni, nikayatemea kwenye khanga. Nimeuguza watu, nimesafisha vidonda vyenye funza, sijawahi kuona kinyaa kama kile.

"Mbona harufu ya harusi?" wifi akauliza.

"Wanachoma nyama."

"Hapa?"

Nikamshika mkono.

Mwenyekiti wa kamati, Lemomo, akaanza kusoma majina yaliyochongwa kwenye jiwe. Kila jina likitajwa, mshereheshaji anapokea: "Makofi kwake!" Nao wanapiga. Makofi, kwa watoto waliokufa wakitafuna nyasi. Kucha za wifi zilikuwa zimeingia mkononi mwangu.

"Nashipae Loserian!" akasoma Lemomo.

Lilikuwa jina la wifi mwenyewe. Majirani wakageuka.

"Si yule pale?"

"Koko, bibi yetu, umefufuka!" mshereheshaji akapiga kelele. "Makofi kwa koko!"

Uwanja mzima ukacheka. Lemomo hakucheka. "Prisca! Unaandikaje mtu aliye hai? Umetuharibia jiwe zima. Fundi atalifuta." Kisha akaja na maiki, akaileta mpaka mdomoni mwa wifi. "Shikamoo koko. Tupe jina la marehemu mwenyewe, tulisome sasa hivi."

Wifi alifunga mdomo. Prisca alimtazama, halafu akasogea katikati yao.

"Kosa ni langu, mwenyekiti. Nilichanganya. Jina la marehemu sikupewa, hakuna anayelijua."

"Mshahara wote ule na hujui kuandika!" mtu akasema. Watu wakamcheka, naye akasimama tu, ameinamisha macho.

Mkono wa wifi ukalegea. Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa amemfunika mtoto kwa jina lake mwenyewe, akamwomba Prisca anyamaze.

"Lemomo, mwanangu," wifi akasema kwenye maiki, "mwache huyo mama. Jina langu libaki. Na kwa uzee huu, halitakuwa uongo kwa muda mrefu."

Lemomo alitazama jiwe, akatazama wageni waliokwisha kukamata sahani. "Haya, libaki."

Wakakimbilia ndafu. Wakalishana vipande, wakapigwa picha. Prisca peke yake alikuja kwetu na chupa ya maji. Akautoa ule mfupa kiganjani mwa sanamu, akaufunga kwenye karatasi. Kisha akapiga magoti na gauni lake zuri, akasugua mafuta yale kwa mtandio wake mpaka zege likaonekana. Wifi akamwaga maziwa. Nami nikaweka majani niliyochuma kwenye mfereji wetu. Nyuma yetu mtu alicheua, na mbwa akaja kulamba chini ya meza. Kinyaa hakijanitoka mpaka leo, nikipita bondeni nafunika pua.

Wifi alipapasa akaupata mkono wa Prisca, akaunusa.

"Unanuka mbuzi," akamwambia. "Uje tena nyumbani, mwanangu. Utanawa kwetu, na maziwa utakunywa."